Muulize Fundi: Kompyuta kuukuu, filamu na muziki wa nyumba nzima

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja. Ile kompyuta iliyolala kabatini, je, inaweza kutunza filamu, muziki na video za familia, na kuzirusha kwenye runinga na simu za kila mtu nyumbani? Inaweza, tena vizuri. Naelewa pia kwa nini swali limekuja kwa wingi sasa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Mashine nzima, zisizo na hitilafu yoyote, zimeonekana hazifai tena kwa siku moja. Mimi sikubali kwamba hazifai, na ndiyo maana nimeomba nafasi zaidi katika toleo hili.

Fundi shikamoo. Nina laptopu ya Core i5 kizazi cha tatu, rami GB 8. Nimeweka Debian (aina ya Linux, badala ya Windows) na Jellyfin (programu ya kutuma filamu na muziki kwenye vifaa vya nyumbani). Filamu nyingi zinakwenda vizuri, lakini baadhi zinakwama kila baada ya sekunde chache, feni inavuma, na runinga inaonyesha kiduara kinachozunguka. Nimeshauriwa niongeze rami hadi GB 16. Itasaidia? — Msomaji Mwenye Laptopu Moto

Marahaba. Usinunue rami. GB 8 kwa kazi hii zinatosha na kubaki.

Jellyfin inapopeleka faili kama lilivyo haina kazi kubwa: inasoma kwenye diski, inatuma kwenye mtandao, basi. Hilo hata prosesa ya mwaka 2008 inalimudu. Laptopu yako inachoka pale runinga inaposema haiwezi kulisoma faili hilo. Hapo seva, yaani laptopu yako inayotuma filamu, inalazimika kuifungua video picha moja baada ya nyingine na kuifunga upya kwa namna ambayo runinga inaielewa, na ifanye hivyo huku unatazama. Filamu ya kawaida ina picha 24 kwa sekunde, na picha moja ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Kama prosesa haiwezi kumaliza picha 24 ndani ya sekunde moja, utaona kiduara, hata ukiweka rami ya kujaza chumba.

Kwa nini baadhi tu? Nadhani zile zinazopita zimefungwa kwa H.264, kodeki (namna ya kufunga video) ya mwaka 2003 ambayo karibu kila runinga na simu inaijua. Zinazokwama huenda ni HEVC, ambayo pia huitwa H.265, iliyoidhinishwa mwaka 2013. Prosesa yako ni ya 2012. Ndani yake mna sehemu maalumu ya kushughulikia video, Intel wanaiita Quick Sync, na inaimudu H.264 vizuri, ila HEVC ilikuja baada yake. Prosesa za Intel zilianza kuishughulikia HEVC kikamilifu kwenye kizazi cha 6, na ile yenye rangi za biti 10 kwenye kizazi cha 7. Kwa hiyo faili la HEVC likihitaji kugeuzwa, mzigo wote unaangukia sehemu za kawaida za prosesa, na feni ndiyo inayokupa habari.

Lakini usiniamini kwa kudhani kwangu. Filamu ikiwa inakwama, chukua simu, fungua ukurasa wa usimamizi wa Jellyfin, tafuta mahali panapoonyesha nani anatazama nini, kisha gusa alama ya herufi i. Hapo seva inaandika waziwazi kama inapeleka faili moja kwa moja au inaligeuza, na kama inaligeuza, sababu ni ipi. Nikipata fundi chipukizi, jambo la kwanza ninalomfundisha ni kusoma mstari huo kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Watu wamenunua diski mpya, ruta mpya na hata kompyuta mpya bila kuusoma.

Sababu ikiwa ni kodeki ya video, nakili faili hilohilo kwenye flashi na uichomeke kwenye runinga. Likicheza, runinga inaijua HEVC, na tatizo ni programu ya Jellyfin uliyoiweka humo au unatazama kupitia kivinjari cha runinga. Sasisha programu, au chomeka kifaa kidogo cha HDMI kinachoijua HEVC. Seva itarudi kupeleka faili kama lilivyo na feni itanyamaza. Flashi nayo ikikataa, basi runinga haiijui kabisa, na dawa yake ni kuligeuza faili mara moja tu, usiku, watu wakiwa wamelala, badala ya kuligeuza kila mtu anapotazama. Amri ninayoitumia ni hii:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c:v libx264 -crf 20 -preset medium -pix_fmt yuv420p -c:a copy -c:s copy filamu-mpya.mkv

Tazama lile neno pix_fmt yuv420p. Mafaili mengi ya HEVC yana rangi za biti 10, na usipoandika neno hilo ffmpeg itakutengenezea H.264 ya biti 10, kitu ambacho runinga karibu zote hazikijui. Utasubiri usiku kucha na asubuhi faili jipya litakataa kama la zamani. Sehemu za map 0 na copy zinahakikisha sauti zote na manukuu yote yanabaki. Kwa laptopu ya umri huo, filamu moja inaweza kuchukua saa nyingi kuliko urefu wake. Iache ifanye kazi taratibu. La zamani usilifute mpaka uwe umelitazama jipya sehemu za mwanzo, katikati na mwisho.

Sababu ya pili ndiyo inayowashangaza watu: manukuu. Maandishi yanayopita chini ya picha huja kwa namna mbili. Yale ya SRT ni maandishi kweli. Seva inayatuma pembeni na runinga inayaandika yenyewe juu ya picha. Yale yaliyotoka kwenye Blu-ray, yaitwayo PGS, na ya DVD, yaitwayo VobSub, ni picha za maandishi. Kifaa kisichojua kuyachora kinaiomba seva iyabandike ndani ya video yenyewe, na hapo filamu nzima inafungwa upya hata kama ni H.264 safi kabisa. Ndiyo maana mama anatazama bila shida, kijana anawasha manukuu ya filamu ileile, na mambo yanaharibika. Tafuta manukuu ya SRT, yaweke kando ya faili la filamu kwa jina lilelile, kisha chagua hayo.

Sababu ya tatu ni kiwango cha ubora kilichowekwa chini kwenye programu ya runinga au simu. Kiweke juu kabisa ukiwa nyumbani. Sauti ikigeuzwa usijali. Runinga nyingi hazijui DTS, namna mojawapo ya kufunga sauti, na kugeuza sauti ni kazi ndogo.

Mwisho kwako: washa Quick Sync kwa ajili ya zile H.264 zitakazohitaji kugeuzwa bado. Kwa prosesa ya kizazi hicho kwenye Linux, chagua VA-API kwenye orodha ya Jellyfin, ambayo ni njia nyingine ya kuifikia sehemu hiyohiyo ya video, si QSV (kifupi cha Quick Sync). Kwanza mpe mtumiaji jellyfin ruhusa ya kuigusa kadi ya video kwa amri ya sudo usermod -aG render jellyfin, kisha uiwashe Jellyfin upya. Na kama laptopu iko karibu na ruta, tumia kebo badala ya waifai. Hata tundu la zamani la megabiti 100 kwa sekunde linatosha kwa filamu ya Blu-ray, ambayo picha na sauti zake kwa pamoja hazizidi megabiti 48.

Fundi, nimeachiwa kompyuta ya mezani na marehemu baba. Ndani mna diski ya GB 500 yenye video za harusi za familia alizorekodi mwenyewe. Nataka diski hiyohiyo iwe ya seva ili ndugu wote wazione. Mara mojamoja inalia tik, tik. Rafiki yangu anasema niongeze diski ya pili niziunganishe kwa RAID, nitakuwa salama. — Binti wa Mpiga Video

Pole sana kwa msiba. Nakuomba uizime kompyuta hiyo sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Usiiwashe tena mpaka uwe na diski nyingine yenye nafasi ya kutosha kupokea kila kitu kilichomo.

Kasha na mazabodi ya kompyuta ya baba vitatumika kwa seva bila wasiwasi. Diski yake isitumike. Diski inayolia hivyo inaweza kuishi mwaka mmoja zaidi, inaweza pia kufa leo jioni, na hakuna fundi mkweli atakayekuahidi lolote kati ya hayo mawili.

Ukishapata diski mpya, washa kompyuta kwa Linux ya kwenye flashi na uandike sudo smartctl -a /dev/sda, amri ya kusoma afya ya diski, ukiweka jina la diski ya baba, ambalo lsblk itakuonyesha. Programu yenyewe iko kwenye kifurushi cha smartmontools. Orodha ni ndefu lakini angalia mistari miwili: Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, nambari iliyo mwisho wa mstari. Wa kwanza unahesabu sehemu zilizokwisha kuharibika na kuhamishwa. Wa pili unahesabu sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijajua izifanyeje. Huo ndio unaonitia hofu zaidi, kwa sababu kila nambari pale inaweza kuwa kipande cha video ya baba. Hata zote zikiwa sifuri, kwa mlio huo endelea kunakili tu.

Usiendeshe fsck wala chkdsk. Programu hizo zinarekebisha kwa kuandika juu ya diski, nayo ni mgonjwa asiyestahili kazi ya ziada. Pia usiburute mafaili kwa kipanya, kwa kuwa faili moja bovu linaweza kusimamisha kila kitu huku diski ikijitesa kurudia mahali pamoja. Tumia GNU ddrescue; kwenye Debian kifurushi chake kinaitwa gddrescue:

sudo ddrescue -n /dev/sda /mnt/mpya/baba.img /mnt/mpya/baba.map

Inachukua kwanza sehemu zote nzima, na zile ngumu inaziruka. Lile faili la map ndilo kumbukumbu yake: umeme ukikatika, andika amri ileile na itaendelea ilipoishia. Ikimaliza, rudia ukiweka -d -r3 mahali pa -n, nayo itarudi kuzijaribu zile ngumu mara tatu. Hakikisha mara mbili jina la diski ya baba limetangulia na mahali pa kupokea pamefuata. Baada ya hapo diski yenyewe iweke pembeni, na kazi zote za kuzitoa video zifanyike kwenye nakala.

Mlio ukizidi au diski isipoonekana kabisa, simama. Usiifungue, usiigonge, usiiweke kwenye friji kama wanavyoshauriana watu. Wapo wataalamu wa kuokoa data wenye vyumba visivyo na vumbi, na kadiri diski inavyowafikia ikiwa haijachezewa ndivyo wanavyopata vingi.

Sasa RAID. Rafiki yako ana nia njema, lakini RAID ya diski mbili, yaani kila kitu kuandikwa kwenye zote mbili kwa pamoja, inakukinga na jambo moja tu, diski moja kufa. Mtoto akifuta folda, inafutika kwenye zote mbili papo hapo. Radi ikipiga, zote ziko kwenye waya mmoja. Kwa video ambazo haziwezi kurekodiwa tena, nataka uwe na nakala tatu: moja kwenye seva, moja kwenye diski ya nje inayochomekwa wakati wa kunakili tu na kuchomolewa, na moja kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine. Filamu za kawaida hazihitaji ulinzi huo, zitapatikana tena. Sauti ya baba yako akiwa nyuma ya kamera haipatikani tena, na kwa hilo usikubali njia ya mkato.

Habari dada. Jellyfin haioni filamu zangu! Diski ya nje naiona kwenye skrini, nikifungua folda filamu zipo, lakini maktaba ya Jellyfin ni tupu. Nimesakinisha upya mara kadhaa. — Nimechoka

Njema, ndugu yangu, na acha kusakinisha upya. Diski yako ipo kwenye /media/ ikifuatiwa na jina lako la mtumiaji, sivyo? Linux ya mezani inapoipachika diski yenyewe, folda hiyo inafunguliwa kwa ajili yako peke yako. Jellyfin inaendeshwa na mtumiaji mwingine, aitwaye jellyfin, na yeye hawezi hata kupita mlangoni. Kubadilisha ruhusa za filamu zenyewe hakusaidii ikiwa folda ya juu yake imefungwa.

Ipachike diski mahali pa kudumu. Tengeneza folda ya /srv/filamu, pata nambari ya diski kwa amri ya sudo blkid, kisha ongeza mstari huu kwenye /etc/fstab, ukiweka nambari yako (neno ext4 ni la diski ya aina hiyo; kama blkid inaonyesha aina nyingine, andika hiyo):

UUID=nambari-yako /srv/filamu ext4 defaults,noatime,nofail 0 2

Nofail ni muhimu: bila neno hilo, siku diski ikichomoka, mashine itagoma kuwaka hadi mtu akae mbele yake na kibodi. Kisha iwashe mashine upya na ujaribu sudo -u jellyfin ls /srv/filamu. Ukiona majina ya filamu, ielekeze maktaba ya Jellyfin kwenye folda hiyo, nayo itayaona. Na uzipange vizuri: kila filamu folda yake, jina kisha mwaka kwenye mabano, tamthilia zikae kwa misimu na vipindi viandikwe S01E01, S01E02. Ukifanya hivyo picha za majalada zitakuja zenyewe.

Nina mashine mbili: ya mezani yenye kadi kubwa ya grafiki, na laptopu iliyovunjika kioo. Ipi iwe seva? Itakaa imewashwa muda wote. — Mwenye Mbili

Laptopu, bila kusita. Kitu kinachokula wati 1 mwaka mzima kinamaliza yuniti 8.76 za umeme. Mashine ya mezani yenye kadi ya grafiki inaweza kula wati 70 ikiwa haifanyi chochote, yaani yuniti kama 613 kwa mwaka. Laptopu ikila wati 12 ni yuniti kama 105. Tofauti hiyo utailipa kila mwaka. Ya mezani ina nafasi ya diski nyingi, hilo nakubali, kwa hiyo kama una diski nne za ndani na huna pa kuziweka, ing'oe kadi ya grafiki kama prosesa ina video yake, na uizime usiku.

Kioo kilichovunjika si hoja, seva haihitaji kioo baada ya siku ya kwanza. Ili isilale unapofunika, fungua /etc/systemd/logind.conf, andika HandleLidSwitch=ignore, uiwashe upya.

Betri ndiyo ninayotaka uiangalie kwa macho na vidole. Igeuze laptopu juu ya meza tambarare: je, inayumba? Sehemu ya kugusia kipanya imeinuka, au mbonyezo wake umekuwa mgumu? Basi betri imevimba. Itoe, usiitoboe, usiitupe kwenye takataka za kawaida, na uiendeshe laptopu kwa chaja peke yake kama inakubali. Betri ikiwa nzima ni faida kubwa, maana umeme ukikatika seva inaendelea. Weka kikomo cha chaji cha asilimia 80 kama laptopu yako inaruhusu. Kwenye Linux angalia kama lipo faili la charge_control_end_threshold ndani ya /sys/class/power_supply/BAT0. Betri inayokaa asilimia 100 kwenye joto miezi yote ndiyo inayovimba.

Ukiamua ya mezani, ingia kwenye baiosi, uiambie iwake yenyewe umeme ukirudi. Mpangilio huo ukijifuta kila mara na saa ikirudi miaka ya nyuma, badilisha kile kibetri cha mviringo cha CR2032 kwenye mazabodi. Saa ikikosea, hata tovuti za kupakulia masasisho zitakukatalia, kwa kuwa vyeti vyao vya usalama vitaonekana si vya tarehe hiyo.

Nikiwa safarini nataka kutazama filamu zilizo nyumbani. Jirani ameniambia nifungue mlango (port) 8096 kwenye ruta. Ni sawa? — Msafiri

Si sawa. Mlango 8096 wa Jellyfin unapitisha kila kitu bila kufichwa, nywila yako ikiwemo, na mlango uliofunguliwa kwenye intaneti unagongwa na programu za wadukuzi usiku na mchana. Tumia WireGuard, njia ya siri (VPN) kati ya simu na nyumbani, ambayo imo ndani ya Linux yenyewe tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020. Simu yako itakuwa kana kwamba iko sebuleni, na mtu asiye na ufunguo hatajua hata kama kuna kitu hapo. Kama mtoa huduma wako wa intaneti amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, WireGuard ya kawaida haitafikika kutoka nje. Tailscale, inayotumia WireGuard hiyohiyo, hupita hapo bila kufungua chochote kwenye ruta.

Jambo moja tu. Ukiwa nje, kasi inayohusika ni ile ya nyumbani ya kupakia, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua. Filamu ya megabiti 10 kwa sekunde haitapita kwenye njia ya megabiti 3, na seva itaanza kuigeuza ili iipunguze, yaani unarudi kwenye shida ya yule mwenye laptopu moto hapo juu. Muziki unapita bila tabu. Kwa filamu, tumia kitufe cha kupakua kwenye programu ya Jellyfin ya Android, na uzichukue kwenye simu ungali kwenye waifai ya nyumbani.